Ufunguo wa Kunduchi

Temeke,
3 Juni 1979

Dada yangu mpenzi Somoe,

Shikamoo. Kabla ya salamu nyingine zozote, napenda kwa heshima na taadhima kuutangazia ukoo wetu wote, walio Temeke, walio Kunduchi, walio Morogoro, na marehemu wetu popote walipo, kwamba tangu Jumatano iliyopita choo cha nyumba yangu kina mlango. Si gunia, wala si bati la kuegemeza. Ni mlango wa mbao wenye bawaba mbili na komeo kwa ndani. Wapangaji wote walisimama kuutazama ukifungwa. Mzee Projestus wa chumba cha mbele alitoa hotuba fupi, akasema haya ndiyo maendeleo tuliyokuwa tukiyangoja, kisha akaingia kuufungua rasmi, akakaa humo mpaka watu wakaanza kumgongea.

Baada ya hayo, sie hatujambo. Wifi yako hajambo isipokuwa sabuni. Sukari tuliiona mara ya mwisho mwezi wa nne, ilikuwa imebebwa na mtu mwingine. Kazini bado niko stoo, nahesabu marobota ya nguo ambayo mie mwenyewe sivai. Mama Mkubwa yuko kwake Kunduchi, bado anakaanga samaki na bado anakaanga watu.

Sasa jambo lenyewe. Mwaka huu Sabasaba inaangukia Jumamosi. Maonyesho yako hapa hapa Temeke, ng'ambo ya barabara tu. Lete watoto. Watoto wa Morogoro wanauona mlima kila asubuhi mpaka wanadhani dunia imeishia pale. Waje waione Dar es Salaam, Jumapili warudi. Siku mbili tu. Kama hali yako hairuhusu safari, waje peke yao, nitawapokea kama mabalozi.

Mdogo wako,
Shomari


Morogoro,
17 Juni 1979

Mdogo wangu Shomari,

Marahaba. Hongera ya mlango. Nimemsomea shemeji yako barua yako, akacheka, akauliza mgeni akifika kwenu anapelekwa kwanza sebuleni au chooni.

Sie tuko salama. Mimba yangu ina miezi saba na miguu imevimba, kwa hiyo mie siji. Baba Mwinshehe yuko kambini kwa watengeneza barabara, anarudi nyumbani akikumbuka.

Watoto wamesikia habari ya Sabasaba na nyumba haikaliki. Mwinshehe, kwa miaka yake sita, ameshawaaga majirani wote. Mwanaheri hasemi, lakini ameifua sare yake ya shule mara mbili ili asafiri nayo, kwa kuwa ndiyo nguo yake nzuri. Nawatuma na Albano, yule dereva wa lori la ushirika. Atawashusha Ijumaa jioni, na Jumapili atawachukua Ubungo kabla ya saa nane, maana unajua Jumapili baada ya saa nane serikali, kwa kubana mafuta, haitaki kuona gari barabarani. Jumatatu Mwanaheri lazima awe darasani. Mtihani wa darasa la saba ni mwezi wa kumi, na Mwalimu Benedikto ameniambia kwa mdomo wake: katika wasichana wote wa shule ile, kama kuna mmoja wa kwenda sekondari, ni huyu.

Kuna jambo moja. Wasiende Kunduchi. Mama Mkubwa akitaka kuwasalimu, aje yeye Temeke. Usiniulize kwa nini, mdogo wangu. Fanya tu kama nilivyosema.

Dada yako,
Somoe


Temeke,
10 Julai 1979

Dada Somoe,

Shikamoo. Natumaini miguu imepungua.

Wageni walifika, wakala, wakashangaa. Jumamosi tuliingia maonyesho tangu asubuhi. Mwinshehe alisimama mbele ya trekta akamwuliza kijana wa banda, “Hili linakula nini?” Kijana akamjibu, “Siku hizi halili, bwana mdogo. Limefunga.” Tulipanga foleni ndefu kwenye banda moja. Tulipofika mbele tukagundua ni foleni ya watu wanaotafuta mtoto aliyepotea. Nasi tukatafuta, hatukutaka kupoteza nafasi.

Mwanaheri ndiye aliyenishangaza. Kila kibao alikisoma kwa sauti, haraka, bila kunyoosha kidole. Wamama wawili kutoka Rufiji wakaanza kumfuata. “Mwanangu, na pale wamesemaje?” Tulipofika banda la pamba walikuwa wamama kumi, wote nyuma ya mtoto mwenye sare ya shule, na mie nyuma yao nimebeba mikoba. Nilikumbuka ulivyonifundisha herufi kwa mkaa kwenye ukuta wa jiko, mie niliyekuwa sijakanyaga darasa. Damu yako hiyo, nikasema.

Jumapili asubuhi watoto wakataka kuona bahari. Sasa bahari, dada, ipo pande nyingi za mji huu, lakini wifi yako akasema yenye mchanga wa kuchezea ni ya Kunduchi. Barua yako niliikumbuka vizuri sana, hasa tulipokwisha kufika. Na ukishafika Kunduchi huwezi kupita nyuma ya nyumba ya Mama Mkubwa kama mwizi.

Basi, kwa kifupi, Mwanaheri alipatwa na homa kidogo. Mama Mkubwa akasema apumzike kwake. Saa nane ilikuwa inakaribia, nikakimbia na Mwinshehe mpaka Ubungo, Albano alikwisha kuwasha gari. Mwanaheri atafuata wiki ijayo.

Usiwe na wasiwasi.

Shomari


Morogoro,
22 Julai 1979

Shomari,

Marahaba. Mwinshehe amefika salama, na mdomo wake umefika salama.

Nilimwuliza, “Dada yako anaumwa nini?”

“Haumwi.”

“Mjomba anasema ana homa.”

“Hapana, mama. Tulikuwa tunachimba mchanga, dada akasimama, gauni lake nyuma lilikuwa na damu. Mke wa mjomba akamfunga kanga. Tukaenda kwa Bibi. Bibi akapiga vigelegele. Wakaja bibi wengine wakapiga vigelegele. Dada akalia, wakamfunika shuka. Mie nikapewa samaki mzima.”

Homa gani hiyo, mdogo wangu, ya kupigiwa vigelegele?

Wiki mbili zimepita. Mwalimu Benedikto amekuja hapa mara mbili. Mara ya kwanza nilimwambia mtoto anaumwa. Mara ya pili alikaa kwenye kiti, akauangalia ukuta, akasema, “Mama, nimefundisha Uzaramo miaka minne. Ugonjwa huu naujua. Msichana akiingia ndani, dawati lake hupewa mtoto wa mtu mwingine.”

Kamtoe. Baba yake nilimtumia salamu kambini, akajibu mtoto ni wa mjomba, yeye ni baba tu. Basi wewe ndiye mjomba. Neno lako ndilo linalosikika pale. Kamtoe.

Somoe


Temeke,
12 Agosti 1979

Dada yangu Somoe,

Shikamoo, na Ramadhani njema. Sie tumefunga. Mzee Projestus, ambaye ni Mkristo, anafunga mchana pamoja nasi kwa sababu hakuna cha kula, na magharibi anafuturu pamoja nasi kwa sababu kipo kidogo.

Nakubali, haikuwa homa. Niliandika homa kwa sababu kalamu ilikataa kuandika jingine. Mwanaheri alivunja ungo pale pale ufukweni, mbele ya wauza samaki, na katika ukoo wetu habari hiyo ikishafika kwenye masikio ya Mama Mkubwa haina tena mwenyewe. Kabla sijamaliza kuvaa viatu kungwi alikwisha kuitwa, na mie kama mjomba nikaombwa kanga jozi moja ya mwali. Nilitoa. Ningefanyaje? Wanawake saba walikuwa wamenizunguka, wote wananipa hongera.

Usidhani nimekaa kimya. Nimekwenda mara tatu. Jumapili iliyopita nilikaa na Mama Mkubwa barazani, akipara samaki wa kufuturu.

Nikasema, “Mama Mkubwa, mtoto ana mtihani.”

“Mtihani wa nini?”

“Wa kwenda sekondari.”

“Na huko sekondari atafundishwa kukaa na watu?”

“Atafundishwa jiografia.”

“Ndiyo nini?”

“Habari za nchi za mbali.”

“Mama yake alikwenda Morogoro tu, hatumwoni mwaka wa saba huu. Huyu akijua nchi za mbali tutamwona wapi?” Akanitupia magamba miguuni. “Wewe Shomari una maneno mengi tangu ulipoanza kusoma magazeti ya kufungia vitumbua. Mwali hatolewi kwa maneno. Atatoka na ngoma yake, siku ikifika.”

Nikacheka, naye akacheka, maana unamjua, akikutukana lazima mcheke.

Ningemchukua kwa nguvu, dada, lakini chumba siku hizi kina mlango wa mninga, umefungwa kwa kufuli, na ufunguo Mama Mkubwa kautia kifuani, mahali ambapo hata askari polisi hafiki bila kibali. Ningekuwa na ufunguo ule hata saa moja tu, Mwanaheri angekuwa Morogoro.

Nadhani watamtoa mfungo mosi. Mtihani ni Oktoba. Muda upo.

Mdogo wako,
Shomari


Morogoro,
2 Septemba 1979

Mdogo wangu Shomari,

Marahaba. Nimejifungua mtoto wa kike tarehe ishirini. Mzima. Bado niko ndani, arobaini haijaisha, hata uani natoka na mkunga nyuma yangu. Kwa hiyo nimepata muda wa kufikiri juu ya vyumba.

Nitakwambia neno ambalo sijamwambia mtu. Ile ya Kunduchi haikuwa ya kwanza. Mwanaheri alivunja ungo mwezi wa pili, hapa hapa, usiku wa mvua. Alikuja kuniamsha akidhani anakufa. Nikamwambia hafi. Nikamwonyesha cha kufanya, nikamwapisha asimwambie mtu, na vitambaa vyake nimekuwa nikivifua mwenyewe mtoni kabla watu hawajaamka, kama mtu aliyeua. Miezi mitano nilimficha. Nilikuwa nataka afike Oktoba tu. Akishafanya mtihani, nikasema, waje na ngoma zao zote.

Ndiyo maana nilikwambia asifike Kunduchi. Mama Mkubwa anamwangalia msichana anavyotembea tu, anajua.

Unajua mwali aliyefichwa anavyosemwa kwetu. Kwamba mvua itakatika, kwamba watoto wa ukoo watakufa. Nami nina kichanga cha siku kumi na tatu hapa kifuani. Ukimwambia Mama Mkubwa, mie sina tena kwetu. Lakini mwambie. Mwambie aliyemfungia si mwali, ni mtu mzima mwenye mtihani, wamemchezea ngoma ya bure. Mwache anilaani mie amwache yeye.

Mtihani ni tarehe tatu na tarehe nne Oktoba. Mie nilikaa chumba kile kile miaka miwili, Shomari. Nilipoingia nilikuwa darasa la tatu. Nilipotoka nilikuwa mke wa mtu. Wewe ulikuwa ukinipitishia mihogo kwa chini, na mie nikikuuliza herufi ya jana imefika wapi. Sikudai kitu kwako tangu siku ile. Leo nadai.

Somoe


Temeke,
26 Septemba 1979

Dada Somoe,

Shikamoo. Hongera ya mtoto, Mungu amkuze.

Barua yako ilifika kiwandani ikalala kwenye meza ya tarishi, Audax, ambaye alikwenda kwao Bukoba kwa wiki moja akakaa tatu. Nimeipata Ijumaa iliyopita. Jumapili nilikwenda Kunduchi.

Sijui niandikeje hii. Nilijiandaa njia nzima ndani ya basi. Nilifika, nikasalimu, nikakataa hata samaki. Nikasema, “Mama Mkubwa, yule si mwali wa juzi. Alivunja ungo mwezi wa pili. Mama yake alimficha.” Nikangoja mbingu zianguke.

Akaendelea kukaanga.

“Najua,” akasema.

“Unajua tangu lini?”

“Tangu siku ile ile. Alituambia mwenyewe, akilia. ‘Bibi, niacheni, si mara yangu ya kwanza, mama anajua.’ Alidhani tutamwacha.” Akageuza samaki. “Angekuwa mwali wa kawaida ningemtoa mfungo mosi, nikamrudisha kwa mama yake na masomo yake. Lakini huyu kafichwa. Aliyefichwa hukaa mara mbili, Shomari. Siku zake, na siku alizoibiwa.”

“Na mtihani?”

“Mtihani wa nani? Kuna watu wamekwisha kuja kuuliza habari zake. Watu wazima, wana nyumba Madale.”

Nikaaga, dada. Nimesoma magazeti mengi, ya kufungia vitumbua na ya kununua. Hakuna hata moja lililoniandikia jibu la kumpa mama yule.

Lakini usikate tamaa. Jumapili hii nitakwenda tena, nitazungumza naye vizuri. Kama si ufunguo ule ningekuwa nimemaliza jambo hili siku nyingi. Nimewaza hata kumwita seremala wangu wa mlango wa choo.

Shomari


Morogoro,
9 Oktoba 1979

Shomari,

Marahaba.

Sie hatujambo. Mtoto anaongezeka. Mwinshehe ameng'oka jino la mbele.

Arobaini yangu iliisha tarehe ishirini na tisa. Nilikuwa sijapata jibu lako, nikaona kimya chako ni cha mtu aliye njiani. Kila basi la Dar es Salaam lilipoingia nilimtuma Mwinshehe stendi. Jumatatu, Jumanne, na Jumatano asubuhi alisimama pale na kalamu ya dada yake mkononi, ile ya wino, maana nilimwambia mkishuka apewe pale pale na aende moja kwa moja shuleni. Jumatano na Alhamisi mtihani ukafanyika. Barua yako ikafika Ijumaa.

Jumamosi nilimfunga mtoto mgongoni, nikachukua kikapu, nikatia humo nyundo ya baba Mwinshehe na patasi, kwa ajili ya kufuli. Nilipanda basi la kwanza. Njia nzima nilikuwa nikifikiri nianze kupiga bawaba au komeo. Mama mmoja alinisaidia kikapu, akaniuliza mbona kizito, nikamwambia ni mihogo.

Nilifika Kunduchi adhuhuri. Mama Mkubwa alikuwa barazani na samaki wake. Sikupiga hodi. Nilimwambia, “Shikamoo, Mama Mkubwa, nimekuja kumchukua mwanangu.” Alinitazama, mie na mtoto na kikapu. Akasema, “Yatakayokupata usije kwangu.” Nikasema, “Siji.” Hakuinuka. Akarudi kwenye kikaango chake, mafuta yalikuwa yameanza kuungua.

Nikaingia ndani, nikaita, “Mwanaheri.” Akatoka. Amekuwa mweupe kama mtu aliyelala chini ya jiwe. Jua lilimshinda, nikamfunika uso kwa kanga mpaka stendi.

Tukapanda basi, tukafika Kibaha. Hapo ndipo aliponiuliza leo tarehe ngapi. Nikamwambia. Akahesabu kwa vidole, akavikunja, akavirudisha chini ya kanga. Kisha akasema, “Mjomba alikuwa akija. Nilikuwa nikisikia sauti yake barazani, anaongea na Bibi, wanacheka. Nilikuwa nakaa tayari, nimekwisha kufunga kanga zangu, nangoja aniite.”

Mwalimu Benedikto amekuja kumwona. Anasema kurudia darasa hairuhusiwi. Ameacha vitabu viwili juu ya meza. Bado vipo juu ya meza.

Nyundo nimerudi nayo, sikuitumia. Chumba kile hakina mlango, Shomari. Pametundikwa kanga.

Somoe